Je, mapumziko ni haki au ni anasa ya walioshiba?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi katika shirika dogo linalotetea haki za wafanyakazi na wanawake. Tulipokuwa tunaandaa mpango wetu wa miaka mitatu, nilipendekeza tuweke kipengele cha mapumziko na burudani. Wenzangu walicheka. Mmoja alisema mtu asiye na uhakika wa chakula hana haja ya burudani. Mwingine akasema wasio na ajira tayari wana mapumziko tele, tena ya kupindukia. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Je, mapumziko ni suala la haki ya kijamii kweli, au ni anasa ya walioshiba? Na kwa jinsi dunia inavyobadilika, simu zisizolala, kazi za mtandaoni, mashine zinazofikiri, jambo hili lina uzito gani?"

Jibu:

Marahaba, dada. Natanguliza jibu lenyewe: ni suala la haki, na lilianza kupiganiwa kabla ya mengi yaliyomo katika mpango wenu. Wenzako hawakukosea kuhoji. Kosa lao ni kudhani kwamba mapumziko ni salio, kile kinachobaki baada ya haki nyingine zote kutimizwa. Mapumziko hayajibakii yenyewe. Hugawanywa, na mgawaji ni mwenye nguvu. Mara nyingi saa ya kupumzika ya mtu mmoja hupatikana kwa sababu kuna mwingine aliyeifanyia kazi, na huyo mwingine hatajwi popote. Kwa hiyo mimi, nikitaka kujua kama mahali fulani pana haki, sianzi kwa kuhesabu wanaopumzika. Nauliza nani anafanya kazi ili wao wapumzike, na yeye atapumzika lini.

Tuanze na maneno, maana nahisi kicheko cha wenzako kilianzia hapo. Tukisema "starehe" au "anasa", tayari tumekwisha hukumu: tunamwona mtu amejilaza, ameshiba, hajali. Tuna methali isemayo kazi mbaya si mchezo mwema, na wengi wetu tumelelewa nayo hadi tukaona aibu kukutwa tumekaa. Lakini lugha hiyohiyo ina neno "nafasi". Mtu akikuambia "sina nafasi", huenda hana muda. Huenda hana mahali. Huenda hakuna aliyempa fursa. Neno moja limebeba yote matatu, na katika miaka yangu ya kufundisha sijapata maelezo ya mapumziko yanayolizidi: muda ulio mikononi mwako, mahali pa kuutumia, na ruhusa ya kuutumia bila kumwogopa mtu. Kimoja kikikosekana, vilivyobaki vinakuwa pambo.

Sasa sheria, kwa ufupi. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Desemba 10, 1948. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupumzika na kuwa na wakati wake mwenyewe, pamoja na kikomo cha saa za kazi na likizo yenye malipo. Waoneshe wenzako mahali kilipowekwa. Kifungu cha 23 kinahusu kazi na ujira. Kifungu cha 25 kinahusu chakula, mavazi, makazi na matibabu. Mapumziko yako katikati. Waliolitunga tamko hilo walikuwa wametoka tu kwenye vita vilivyoiacha dunia na njaa kali. Walijua njaa ni nini, na bado hawakuyasogeza mapumziko hadi mkiani. Haki hiyo ikarudiwa katika mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni wa 1966 (kifungu cha 7), mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake wa 1979 (cha 13), mkataba wa haki za mtoto wa 1989 (cha 31) na ule wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 (cha 30). Vitaje katika mpango wenu, msonge mbele.

Kabla ya wanasheria walikuwapo mafundi. Aprili 21, 1856, waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, waliweka chini zana zao wakaandamana hadi bungeni wakidai siku ya kazi ya saa nane. Hesabu yao ilikuwa rahisi kukariri: saa nane za kazi, saa nane za kulala, saa nane zao wenyewe. Walishinda, bila kupunguziwa ujira. Chicago mwaka 1886 dai hilohilo lilimwaga damu, na ndiyo asili ya Mei Mosi tunayoisherehekea kama sikukuu ya kazi ilhali mzizi wake ni dai la kuacha kazi kwa wakati. Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu jambo hilo: saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani. Ujira ulisubiri mikataba ya baadaye. Na Ufaransa, Juni 1936, baada ya wafanyakazi kugoma na kuvikalia viwanda, ilipitishwa sheria ya majuma mawili ya likizo yenye malipo na juma la kazi la saa 40. Katika serikali ya wakati huo Léo Lagrange alikabidhiwa michezo na burudani, na zikatolewa tiketi za treni za bei nafuu kwa wanaokwenda likizo. Hilo la tiketi napenda kulisimulia darasani. Serikali ilielewa kwamba kumpa mtu majuma mawili bila njia ya kutoka nje ya mtaa wake ni kumpa nafasi nusu.

Hoja ya mwenzako wa pili, kwamba wasio na ajira wana mapumziko tele, nitaikalia kidogo, kwa sababu naisikia mara nyingi na inaumiza watu. Karibu na Vienna, Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo. Msukosuko wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 kiwanda kikafungwa, na karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Kundi la watafiti, akiwemo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, likaenda kijijini humo na kuandika kila walichokiona. Kwa hesabu ya mwenzako, kijiji hicho kingekuwa bustani ya burudani. Maktaba ilifuta hata ada ya kuazima vitabu. Lakini uazimaji wa vitabu ulishuka kwa karibu nusu. Watafiti walisimama dirishani na saa wakipima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama, kama watu wasio na wanakokwenda. Walipoombwa kuandika walichokifanya tangu asubuhi hadi jioni, wengi hawakukumbuka. Asubuhi iliisha, mchana ukaja, basi.

Wanawake wa Marienthal hawakuwa hivyo. Mwendo wao ulibaki wa haraka na siku zao zilikuwa zimejaa, kwa sababu walipoteza ujira bila kupoteza kazi. Kupika, kufua, kushona viraka na kunyoosha kidogo kilichopo vilibaki vilevile, na vingine viliongezeka. Kijiji kimoja, msiba mmoja, saa za aina mbili. Muda wa mtu aliyetupwa nje ya kazi haujawa mali yake. Umekuwa uwazi unaomkumbusha kila dakika kwamba hahitajiki. Ukimwambia huyo kwamba ana mapumziko tele, umemtukana.

Na mwenye njaa? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, kweli, lakini pia hajui siku ya mwenye njaa ina saa ngapi. Anayefikiri maskini hana haja ya mapumziko hajawahi kufuatilia saa za maskini: mwendo mrefu hadi kazini, foleni, kazi ya pili, mgonjwa wa kuuguza nyumbani kwa kuwa hakuna pesa za kumlipa mtu. Sisi katika fani hii ya kuchunguza mapumziko tunauita umaskini wa muda, nao huambatana na ule wa mfuko. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu ya kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa. Kwa wastani wa dunia, wanawake walizifanya kwa saa 4 na dakika 25 kila siku. Wanaume saa 1 na dakika 23. Tofauti hiyo ya saa tatu haikupotea hewani. Kuna mtu anayeila kila jioni, naye mara nyingi hajui kwamba anakula.

Nilipokuwa mtafiti mchanga nilikuwa nikiwauliza watu swali la kipuuzi: "Unapata saa ngapi za mapumziko kwa siku?" Mama mmoja alinijibu saa tatu, kila jioni, mbele ya televisheni. Nikaandika tatu. Siku iliyofuata nikaketi naye tukajaza daftari la muda, dakika kumi kumi. Katika saa hizo tatu alikunja nguo, akamsikiliza mtoto akisoma, akainuka mara nane na sikio lake lote lilikuwa chumba cha pili alikolala mkwewe mgonjwa. Mumewe alikuwa kwenye kochi hilohilo, akitazama kipindi hichohicho, kwa saa hizohizo. Katika jedwali langu la kwanza walikuwa sawa. Tangu siku hiyo siamini takwimu yoyote ya mapumziko isiyouliza ulikuwa unafanya nini kingine kwa wakati uleule, na ni nani aliyeweza kukuita.

Afya ya miili nayo imo humu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka mmoja tu, 2016. Afe punda, mzigo ufike: methali hii nilidhani ni ukali wa wahenga hadi nilipoiona hesabu hiyo.

Upande wa pili wa "nafasi" ni mahali, na hapa historia ina mambo ambayo wenzako hawataweza kuyacheka. Jumapili ya Aprili 24, 1932, vijana mia kadhaa wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani walipanda mlima Kinder Scout, Uingereza, bila ruhusa ya wenye ardhi. Kwa siku sita walivuta moshi. Siku ya saba walitaka upepo. Ardhi ile ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ndege wa kuwindwa na matajiri, uwindaji wa siku chache tu kwa mwaka. Angalia vizuri mgogoro huo: ni burudani dhidi ya burudani, ya wachache wenye ardhi dhidi ya wengi wenye Jumapili moja. Walinzi walipambana nao, na vijana watano wakafungwa jela. Miaka 17 baadaye, 1949, Uingereza ilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani, na hifadhi ya kwanza, mwaka 1951, ikawa Peak District, penye mlima uleule.

Lakini bustani nazo zina vilio vyake. Ili Central Park ya New York ijengwe, wakazi wa kijiji cha Seneca, wengi wao Wamarekani Weusi, na baadhi wakimiliki nyumba na viwanja vyao, waliondolewa, na kufikia mwaka 1857 kijiji kilikuwa kimefutika pamoja na makanisa na shule yake. Mamilioni wamepumzika hapo tangu wakati huo. Simlaumu anayekaa kwenye nyasi zile leo. Nasema tu kwamba chini yake pana swali la nani alilipa.

Chicago, Julai 27, 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akiogelea katika Ziwa Michigan. Akaelea hadi akavuka mpaka usioonekana uliotenga maji ya Weusi na ya Weupe. Alirushiwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Alikuwa anajiburudisha siku ya Jumapili, na hilo lilitosha.

Kisha ufike Jackson, Mississippi. Mji ulikuwa na mabwawa matano ya kuogelea ya umma, manne ya Weupe na moja la Weusi. Mahakama zilipoharamisha ubaguzi, halmashauri ya mji ikaona heri kuyafunga kuliko kuwaacha watu waogelee pamoja. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1971, kwa kura tano dhidi ya nne, mji ukaruhusiwa: kwa kuwa yamefungwa kwa wote, walisema majaji wengi, hakuna aliyebaguliwa. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado inanichoma. Mwenye uwezo alijenga bwawa nyuma ya nyumba yake au akajiunga na klabu ya kulipia. Asiye nao akabaki na jua. Kila mahali ambapo huduma ya umma inaachwa ife ili kila mtu ajitafutie mwenyewe, usawa wa aina hiyo unarudi, na siku hizi hautaji hata rangi. Unataja bei ya kiingilio.

Jua hilo nalo limekuwa kali zaidi. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulilinganisha mitaa ya miji 108 ya Marekani ambayo katika miaka ya 1930 ramani za mikopo ziliitia alama nyekundu kuwa ni hatari kuikopesha, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya rangi ya wakazi wake, na mitaa iliyopendelewa. Leo mitaa ile ya alama nyekundu ina joto zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6 za Selsiasi. Miti michache, lami nyingi. Dunia inavyozidi kupata joto, kivuli kinakuwa mali, na kukaa nje jioni na watoto kunategemea uamuzi uliofanywa na karani kabla bibi yako hajaolewa.

Mfano unaoonesha vyema jinsi muda na mahali vinavyotegemeana uko Hong Kong. Kuna wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya 300,000 waliotoka nchi nyingine, hasa Ufilipino na Indonesia, karibu wote wanawake. Sheria inawapa siku moja kamili ya mapumziko katika kila siku saba. Sheria hiyohiyo inawalazimu kulala nyumbani kwa mwajiri. Basi siku ya mapumziko ikifika hawana mlango wa kujifungia. Kila Jumapili hujaa eneo la Central, katikati ya majengo ya benki na ofisi: wamekaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwenye madaraja ya waenda kwa miguu na hata chini ya jengo la benki maarufu. Wanasukana, wanacheza dansi, wanasali, wanafungasha mizigo ya kutuma kwao, wanaandikisha wanachama wa vyama vyao. Wana muda na hawana mahali, nao wakapafanya mahali pale ambapo siku sita nyingine ni pa wengine.

Fuata sasa uzi ule niliokupa mwanzoni. Familia zinazowaajiri zimepata jioni zao kutokana na mikono hiyo. Na watoto wa wanawake hao, waliobaki nyumbani, wanalelewa na bibi, shangazi, au mwanamke mwingine anayelipwa kidogo zaidi. Mapumziko ya nyumba moja yamevuka bahari na kuchukua muda wa kizee ambaye hatakutana kamwe na wanaofaidi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unadai wafanyakazi wa nyumbani wapate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma, na unasema muda ambao mtu hawezi kuutumia apendavyo kwa sababu anasubiri kuitwa uhesabiwe kuwa ni wa kazi, kwa kiwango kitakachowekwa na sheria ya nchi. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini chake. Mtu anayelala na sikio wazi hajapumzika.

Kuhusu ruhusa sitakaa sana. Wanawake wa Iran walizuiwa kwa takriban miaka arobaini kuingia uwanjani kutazama wanaume wakicheza soka, hadi Oktoba 2019 walipokata tiketi na kuingia uwanja wa Azadi kwa mechi ya kimataifa. Uwanja ulikuwapo, muda walikuwa nao, mapenzi ya mpira walikuwa nayo. Mtu wa kiti cha magurudumu mbele ya ngazi za ukumbi anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Uliuliza kuhusu dunia inayobadilika. Mwaka 1930 mwanauchumi John Maynard Keynes alitabiri kwamba ndani ya miaka mia moja watu wa nchi tajiri wangefanya kazi kama saa 15 tu kwa juma, na tatizo lao kubwa lingekuwa namna ya kuutumia muda. Miaka mia yake inakaribia kutimia. Utajiri alioutabiri ulikuja. Saa hazikuja. Mashine ziliokoa muda, lakini muda uliookolewa ukageuzwa kuwa faida ya wenye mashine, au ukajazwa kazi nyingine, na wachache wakawa na saa nyingi za kulipwa ilhali wengine hawana hata moja. Ndiyo maana ninapoulizwa kama akili bandia itatuletea mapumziko najibu kwamba mashine haijui kugawa. Atakayegawa ni yule aliyekaa mezani siku ya makubaliano. Iceland, kati ya mwaka 2015 na 2019, wafanyakazi zaidi ya 2,500 walijaribu juma la saa 35 au 36 badala ya 40 bila kukatwa mshahara. Kazi haikuanguka, na vyama vyao vikatumia matokeo hayo kudai saa fupi katika mikataba ya wengine wengi. Mezani walikuwapo wafanyakazi.

Simu imefanya jambo la hila zaidi: imeondoa mlango kati ya kazi na nyumbani. Ufaransa tangu Januari 1, 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu ujumbe baada ya saa za kazi, na Australia ikawa na sheria ya aina hiyo mwaka 2024. Ni hatua njema, lakini tusidanganyane: zinamlinda kwanza mwenye ajira rasmi na meza ya ofisi. Msafishaji anayeingia ofisini humo saa kumi alfajiri hana barua pepe ya kuzima.

Kwa anayesubiri safari au oda kwenye programu ya simu, mambo ni magumu zaidi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa anayengoja halipwi kwa kungoja. Kwenye rekodi ya kampuni anaonekana yuko huru. Mwilini yuko kazini. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya madereva wa Uber, kwamba muda wa kazi wa dereva unajumuisha wakati wote aliowasha programu akiwa katika eneo lake na tayari kupokea abiria. Nakushauri uisome hukumu hiyo sambamba na mkataba wa wafanyakazi wa nyumbani. Majaji na watunga mkataba walikuwa mbali sana, wakafika mahali pamoja: muda wa kungojea amri ya mwingine si wako.

Mtu atakuambia sheria hizi hazimfikii asiye na mwajiri, na atakuwa amesema kweli. Kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018, zaidi ya watu bilioni 2 duniani, karibu asilimia 61 ya wote wanaofanya kazi, walikuwa katika sekta isiyo rasmi. Kwao likizo yenye malipo ni maneno. Ndiyo sababu upande wa mahali una uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Bogotá, Kolombia, tangu mwaka 1974 hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku za Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Leo ni zaidi ya kilomita 120 za barabara. Watu hutembea, huendesha baiskeli, watoto hujifunza kuteleza kwa magurudumu, na mchuuzi naye hupata dakika za kuinua macho. Haikuhitajika kujenga kitu kipya. Lami ilikuwapo, kilichobadilika ni nani anapewa.

Sasa mpango wenu. Msianze na tamasha wala mashindano, kwa sababu atakayekuja ni yule yule aliyekuwa na nafasi tangu mwanzo. Anzeni na daftari la muda. Wachukueni wanachama wenu, wanawake na wanaume wa nyumba zilezile, wajaze siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko. Safu ya kwanza: ulikuwa unafanya nini. Ya pili: nini kingine kwa wakati huohuo. Ya tatu: nani angeweza kukuita ukalazimika kuinuka. Mkimaliza, tafuteni kipande kirefu kuliko vyote cha muda ambao hakuna aliyeweza kumwita mwenye daftari. Hicho ndicho kipimo changu, nacho kwa kawaida hukifanya chumba kizima kinyamaze. Baada ya hapo tembeeni mtaani pamoja, mkiandika mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kununua kitu, penye choo, penye kivuli, na saa ambayo wanawake huanza kupaogopa.

Madai yenu yatatoka humo, na sitaki kuyatunga kwa niaba yenu, ila mawili nitayasema kwa msisitizo. La kwanza ni muda wa kungoja: mwajiri anayekuweka tayari akulipe kwa kukuweka tayari. La pili litauma, kwa sababu linaanzia ndani. Kila mmoja wenu aliyeajiri msaidizi nyumbani aandike saa za msaidizi huyo kwenye daftari lilelile, kwa kuzungumza naye na si kwa kukisia. Wenzako wawili waliocheka wawe wa kwanza, si kwa kuwaaibisha. Nadhani watakuwa wa kwanza kuelewa.

Na kikao cha kupitisha kipengele hicho kiwekeni ndani ya saa za kazi, pawepo na mtu anayelipwa wa kukaa na watoto. Mkipata madaftari kumi ya kwanza, niandikie kabla hamjajumlisha chochote. Nataka kuona safu ya tatu.